Volti 18 si lazima ziingiliane

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee betri za drili.

Fundi seremala wa Sumbawanga akipata kazi ya kufunga milango kijijini huko Ufipa, ambako si kila nyumba ina umeme, drili ya betri ndiyo mkombozi wake. Shida inaanza betri ikifa. Anaingia dukani, anaona imeandikwa volti 18 kama yake, analipa. Akifika kazini haiingii. Au inaingia, mashine inagoma.

Tuelewane hapa: namba ya volti peke yake haikuhakikishii kitu. Betri ya lithiamu ya volti 18 ina seli tano za volti 3.6 zilizopangwa mfululizo. Nyingi zinazoandikwa volti 20 ni seli tano zile zile, ila zimepimwa zikiwa zimejaa. Kinachoamua ni umbo la betri na vile vibati vya mdomoni. Viwili, chanya na hasi, vinapitisha umeme. Vingine vinapeleka taarifa: joto la seli, au ishara kwamba chaji imekwisha, mashine izime. Kila kampuni inavipanga kivyake.

Ndiyo maana kuunga waya za chanya na hasi tu ni hatari. Mashine itazunguka kweli, lakini huenda hakuna kitakachoizuia kunyonya seli mpaka zife. Na ukichaji bila kipima joto, unacheza na moto.

Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, wakafua majembe. Mpini ukivunjika, ulichonga mwingine. Leo tunanunua jembe ambalo mpini wake anao mtu mmoja tu.

Na si kwamba haiwezekani. Mwaka 2018 Metabo ya Ujerumani na kampuni wenzake walianzisha CAS, betri moja kwa mashine za kampuni mbalimbali. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha tundu moja la chaja kwa simu mpya tangu 28 Desemba 2024, ingawa drili hazimo.

Hoja yangu: TBS ianze na dogo. Kila betri ya mashine inayoingizwa nchini iandikwe wazi, kwa Kiswahili, inaingiliana na mashine zipi. Fundi hana hela ya kubahatisha.

Kwa sasa, chagua betri kwanza, mashine baadaye. Na ukienda kununua betri, nenda na drili yako mkononi.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje?