Dhahabu ya Geita na Kijana Msomi wa Fizikia



Ndugu Waislamu, mzee mmoja wa Kahama alitujia baada ya swala akilalamika. Mwanawe amehitimu shahada ya kwanza ya fizikia na, badala ya kurejea kusimamia karasha la familia, ataka shahada ya uzamili katika nadharia ya chembe na viini vya atomu. Mzee akauliza: elimu isiyo na mkate wala thawabu ni ya nini?

Swali hilo si la kubezwa, kwani ada ni nzito na mzee hana nguvu tena. Lakini tuitazame hiyo dhahabu yake. Kiini cha dhahabu kina protoni 79. Cha zebaki, ile inayoinasa dhahabu kwenye beseni, kina 80. Tofauti ni protoni moja, wala hakuna tanuri la sonara liwezalo kuiondoa, maana moto wake haukifikii kiini. Ibn Sina aliyakataa madai ya wageuza madini takriban miaka elfu iliyopita. Basi dhahabu ya Geita iliumbwa wapi? Agosti 17, 2017, mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mawimbi ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 130, na mwanga uliofuata ukaonesha dalili za elementi nzito kuumbwa. Ni kiasi gani cha dhahabu yote hutokana na migongano hiyo, wataalamu wangali wakijadiliana, na mjadala huo ndio kazi ya vijana kama huyu.

Wapo watakaokimbilia Surat al-Hadid, inayotaja kuteremshwa kwa chuma, na kutangaza muujiza. Tuwaombe watulie, tafsiri ina wenyewe na ina kanuni zake. Ama thawabu, Imam Ghazali aliihesabu tiba na hesabu katika faradhi za kutosheleza, nasi hatuoni kwa nini fizikia iachwe nje.

Kuhusu ada, Abdus Salam wa Pakistan (itikadi yake ina mjadala wake, si hapa) aliasisi kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, kuwafaa wasomi wa nchi zinazoendelea. Tangu 2018 kina tawi Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kutoka Kahama ni safari ya basi kupitia Rusumo.

Tulimwomba mzee ampe mwanawe miaka miwili, na karasha alishike mpwawe. Hajatujibu bado.