Tusiingoje Intaneti Ndipo Tujifunze

Naomba niseme neno juu ya chumba cha kompyuta.

Wapo miongoni mwetu, wanafunzi na hata wazazi, wasemao kwamba haiwezekani kujifunza kutengeneza kurasa za intaneti maadamu intaneti yenyewe hapa shuleni hukatika juma zima. Basi kompyuta zakaa zimefunikwa vitambaa, zikingoja. Mimi naona shauri hilo si sawa hata kidogo.

Ukurasa wa intaneti ni maandishi tu. Huandikwa katika programu nyepesi ya kuandikia, ile iliyomo katika kompyuta tangu inunuliwe, ukahifadhiwa kama faili, na kivinjari huufungua papo hapo bila waya wala bando. Kazi yake imegawanyika mara tatu. HTML husema kitu ni nini: hiki kichwa cha habari, hili jedwali, hiki kitufe. CSS husema kitaonekanaje, yaani rangi, ukubwa na nafasi yake. JavaScript husema kitafanya nini mtu akikibonyeza. Kivinjari chazifahamu zote tatu tayari, hazinunuliwi.

Tuchukue mfano wa ukurasa wa kuhesabu alama za mtihani, kitu tukihitajicho sote. Jedwali la masomo laweza kuandikwa kwa saa moja. Kisha kwa mstari mmoja wa CSS vichwa vyote vyageuka kijani. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Sisi tumefundishwa kuandika "colour" kama Waingereza, lakini CSS yataka "color", bila u. Ukiitia hiyo u kivinjari hakikukemei. Huuruka mstari kimya kimya, na vichwa vikabaki vyeusi. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Alama zilizoandikwa katika visanduku JavaScript huzipokea kama maneno, si kama namba. Ukiiamuru ijumlishe 40 na 35 itakuletea 4035! Hapana budi uiambie kwanza kwamba hizi ni namba, ndipo upate 75. Mwalimu wetu wa hesabu angecheka sana, lakini mwanafunzi aliyeutafuta mtego huo mwenyewe mpaka akauona hatausahau.

Nauliza, katika hayo yote intaneti imehitajiwa wapi?

Zamani kazi hii ilikuwa na taabu kuliko leo. Tim Berners-Lee alitoa shauri lake huko CERN, karibu na Geneva, mwaka 1989. Håkon Wium Lie akaleta wazo la CSS mwaka 1994. Na Brendan Eich akaitunga JavaScript ya kwanza kwa siku kumi mwaka 1995. Mwaka 1997 Netscape na Microsoft zilikuwa zikishindana, kila moja na njia yake ya kuzichezesha kurasa, hata mwandishi akalazimika kuandika jambo moja mara mbili. Mwaka 1998 shirika la W3C lilitoa kanuni moja, na vivinjari vikaifuata pole pole. Siku hizi aghalabu ajifunzacho mtoto katika kompyuta kuukuu ya shule chafanya kazi vile vile katika simu ya mjomba wake.

Sikatai kwamba bila intaneti ukurasa wako hautasomwa na watu wa mbali, na kwamba maelezo mengi yapo huko. Lakini maelezo yaweza kupakuliwa mara moja mjini, yakaletwa katika flashi na kunakiliwa katika kila kompyuta. Na wazazi waulizao kama jambo hili litamfaa mtoto katika mtihani, nawajibu kwamba atajifunza kusoma kazi yake mwenyewe herufi kwa herufi. Sijui somo lisilotaka hilo.

Kwa hiyo twaomba chumba kifunguliwe siku mbili kila juma baada ya masomo, wala si kwa Kidato cha Nne peke yao, bali kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili pia, wawili wawili kwa kompyuta moja. Sisi wa Kidato cha Tatu tu tayari kufagia na kuandika majina ya waingiao. Daftari la majina tumekwisha kulinunua.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu