Safari ya mtoto isiachiwe mzazi mmoja

Kila shule zinapofungwa, mwezi wa Juni na wa Desemba, stendi zetu za mabasi hujaa watoto. Wengi husafiri na wazazi au ndugu zao. Lakini wapo wanaokabidhiwa kondakta alfajiri, pamoja na begi na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, wapelekwe kwa baba aliye Mwanza au kwa mama aliye Mbeya. Kifurushi kinachopakiwa katika basi hilo hilo huandikiwa stakabadhi. Mtoto haandikiwi.

Baadhi ya watoto hao ni wa wazazi waliotengana, na wamo watoto wetu sisi watumishi wa umma, ambao uhamisho wa kazi huweza kumtupa mzazi mmoja zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa mwenzake. Hatumlaumu mtu kwa kutengana. Ndoa huvunjika kwa sababu ambazo mhariri hawezi kuzihukumu akiwa mezani pake. Tunalolilaumu ni kwamba wazazi hugombania mtoto atakaa na nani, kisha wakasahau kupatana nani atampeleka na nani atamrudisha.

Sheria haina upungufu mkubwa hapa. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaagiza kwamba katika suala la malezi jambo la kwanza liwe masilahi ya mtoto, na yaipa mahakama uwezo wa kutia masharti katika amri yake, zikiwamo nyakati za mtoto kumtembelea mzazi asiyekaa naye. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo yatambua haki ya mtoto ya kumtembelea mzazi huyo na kukaa naye, mradi masomo yake yasivurugike. Lakini haki ya kutembelea bila nauli na bila msindikizaji ni haki ya kwenye karatasi tu.

Mjini shida hii si ya likizo peke yake. Walimu wanaijua vizuri. Saa kumi na moja jioni mtoto wa darasa la pili angali barazani, kwa kuwa baba alidhani leo ni zamu ya mama, na mama alidhani vivyo hivyo. Mwalimu wa zamu hawezi kumwacha, wala hawezi kumpandisha daladala peke yake, katika saa ambazo makondakta huwakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo. Anapiga simu ya kwanza, kisha ya pili. Kila mmoja anamwambia ampigie mwenziwe. Ugomvi wa watu wazima wawili umekuwa kazi ya mwalimu, tena mbele ya mtoto anayesikia yote.

Wapo akina baba wasemao kuwa fedha ya matunzo imekwisha maliza wajibu wao, na wapo akina mama wasemao kuwa anayemtaka mtoto amfuate mwenyewe. Kauli zote mbili humwadhibu asiye na kosa. Wala kugawana nusu kwa nusu si haki daima: mwenye mshahara na mwenye genge la mboga hawalingani mfukoni. Sheria ya Mtoto, katika kupima matunzo, huitaka mahakama itazame kipato cha wazazi wote wawili. Kipimo hicho chafaa kutumika katika nauli pia. Na mwenye fedha kidogo lakini mwenye nafasi aweza kutoa mchango wake kwa kusindikiza.

Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa na maofisa ustawi wa jamii ndio wanaokaa na wazazi hawa mapema. Tunawaomba wasiwaruhusu kuondoka kabla hawajaandika siku za safari, mlipa nauli, msindikizaji, na mahali pa kukabidhiana mtoto. Walimu wakuu nao wadai nakala ya mapatano hayo, yenye majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto shuleni, nayo iwekwe katika jalada lake kabla ya muhula kuanza.