Kitabu kipya cha vitisho: nguvu tumeziona, masharti yako wapi?

Tangu nilipodokeza katika safu hii kwamba kitabu kipya cha vitisho kimo njiani, vijana wa meza yetu hapa Rhonda hawajanipa nafasi ya kupumua. Nikienda dukani kununua maziwa, nasimamishwa. Nikishuka kutoka matatu, nasimamishwa. Wote wana swali moja: Mwalimu, mhusika wangu atapata nini?

Swali lenyewe si la mzaha, maana lina pesa ndani yake. Kila Jumamosi jioni tunapokutana katika kile chumba kilicho nyuma ya kinyozi, kila mchezaji hutia shilingi 20 katika mkebe wa majani chai. Mwaka mzima sasa hatujaufungua. Zilizomo zinakaribia bei ya kitabu kimoja, basi, na wenzetu wawili wanashikilia kwamba afadhali tununue taa ya sola na dadu mpya, kwani zile tulizo nazo zimeanza kufutika nambari. Jumamosi ijayo tutapiga kura. Kabla ya hapo nimeombwa niseme wazi ninavyoona mimi, nami nimeona niseme mbele ya wasomaji wote.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, mchezo huu uitwao Dungeons & Dragons ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Hauchezwi kama drafti wala karata. Mtu mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine ana mhusika wake aliyeandikwa katika karatasi: fundi, manju, mwindaji, kasisi, mwizi, mchawi. Msimulizi hueleza hali ilivyo, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu ya pande 20 huamua kama wamefaulu. Ni ngano ya jioni, ila wasikilizaji ndio wanaoamua iende wapi.

Ravenloft ndiyo nchi ya vitisho ya mchezo huo. Ilianza mwaka 1983 kwa kijitabu cha Tracy na Laura Hickman, mtu na mkewe, kuhusu bwana mnyonya damu aitwaye Strahd anayeishi katika ngome iliyozingirwa na ukungu. Mwaka 1990 ikawa nchi kamili yenye watawala wengi waovu, mwaka 2016 Strahd akarudi katika kitabu kikubwa, na mwaka 2021 kikatoka Van Richten's Guide to Ravenloft. Sasa, baada ya kanuni za mchezo kufanyiwa marekebisho mwaka 2024, wenye mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast, wanaleta Ravenloft: The Horrors Within katika mwaka wa 2026.

Tutakisiaje yatakayokuwemo? Mwezi Mei mwaka 2025 kampuni hiyo ilitoa kurasa za majaribio, bure, ili wachezaji wazijaribu na kutoa maoni. Ndani yake mlikuwa na matawi manane ya wahusika, yote yenye harufu ya kaburi. Sita kati yake tunayajua tangu zamani: kasisi wa makaburi, mchawi wa kivuli na mchawi wa upanga wenye laana walikuwa katika kitabu cha mwaka 2017, mwizi anayeandamana na wafu alikuja mwaka 2020, manju wa mizimu na mchawi anayetumikia mfu asiyekufa wakaja mwaka 2021. Mawili ndiyo mapya kabisa, yaani fundi anayeamsha maiti na mwindaji anayevaa sura ya kutisha ya pori.

Sasa sikilizeni malalamiko yangu.

Kijana wetu mmoja, mwendeshaji wa bodaboda, amekwisha kuapa kwamba atachukua huyo mchawi wa upanga, Hexblade. Simlaumu. Nguvu zake ni nyingi na zinaanza mapema. Lakini nilimuuliza: huyo aliyekupa nguvu, anakudai nini? Akapekua kurasa mbele na nyuma, akacheka. Hadaiwi kitu. Ni mkataba gani huo usio na siku ya kulipa? Hata mkopo wa simu una tarehe, na ukichelewa jina lako linakwenda mahali pabaya.

Fundi wa maiti naye ananitia njaa na kuninyima chakula. Jambo lenyewe ni zuri sana: fundi kama wetu wa jua kali, anaunga kiungo kwa kiungo, anatia cheche, kitu kinaamka. Mary Shelley alikwisha kuliandika jambo hili mwaka 1818, na kinachotisha katika hadithi yake si kwamba maiti iliamka, bali ni kwamba iliamka ikamwuliza muumbaji wake maswali asiyoweza kuyajibu. Katika zile kurasa za majaribio, maiti ya fundi ni mtumishi mtiifu. Inapigana unapoiambia ipigane. Huyo, wapenzi wasomaji, ni punda wa mkokoteni tu, hata punda mwenyewe hugoma.

Mwindaji wa pori sina ugomvi naye sana. Nilipomsoma nilimkumbuka chemosit wa Wanandi, ambaye A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Kijana wetu anayetoka upande wa Kapsabet alipomsimulia mezani, hakuna aliyecheka ile habari ya makalio. Hicho ndicho kipimo.

Manju wa mizimu ndiye ninayemwamini zaidi kati ya hao wa zamani. Yeye huvuta hadithi kutoka kwa wafu, lakini dadu ndiyo inayoamua ni hadithi gani itakayomjia. Hachagui. Nilimtumia mwaka jana pamoja na nyawawa, mizimu ambayo Wajaluo wa kandokando ya ziwa huifukuza usiku kwa kugonga sufuria na mabati. Tuligonga sufuria mbili kweli kweli mle chumbani, hata mwenye kinyozi akaja kuuliza kama kumeingia mwizi.

Ninachokitaka mimi katika kitabu kipya hakikuwemo katika zile kurasa za Mei, nacho ni vile vipawa vya giza vya mwaka 2021. Kila kipawa kilikuja na adhabu yake. Unapewa, kwa mfano, kivuli chenye uhai kinachoweza kunyosha mkono mahali usipofika wewe. Vema. Lakini siku dadu ikikuangukia 1, kivuli nacho kina mambo yake. Vilevile nataka zile nasaba tatu zirudi: nusu mnyonya damu, aliyeguswa na damu ya ajuza mchawi, na aliyekufa akarudi bila kukumbuka vizuri alikuwa nani. Nasaba nadhani zitarudi, kwani wachezaji wengi wanazipenda. Vipawa ndivyo vinavyonitia shaka, maana siku hizi mchezaji hapendi kuandikiwa adhabu katika karatasi yake.

Lakini vitisho vyetu sisi vimejengwa juu ya nini kama si masharti? Jini la utajiri lina siku yake ya kulishwa. Dawa ya mganga ina jambo usilolifanya, na ukilifanya umekwisha. Wazee wetu waliosimulia habari za mumiani na wazimamoto waliokamata watu usiku wa enzi za mkoloni ili kuwatoa damu hawakuwa wakisimulia nguvu za mtu. Walikuwa wakisimulia bei, na ni nani anayelipishwa. Ndiyo sababu watoto wa Rhonda, ambao wamelala na hadithi hizi, wanaona haraka kuliko wengi pale kitabu kinapowapa nguvu za bure.

Ningeishia hapo kama si mgeni aliyenijia Jumanne ya juma lililopita.

Katika meza yetu yumo binti wa kidato cha tatu. Mhusika wake ni mwizi wa lile tawi la wafu, Phantom. Kanuni yake katika kitabu cha mwaka 2020 ni hii: mwizi huyo akifika ngazi ya 9, mtu akifa karibu naye, anaweza kushika kipande cha roho yake katika kitu kidogo. Akikiharibu kitu hicho, roho hutokea, naye anaruhusiwa kuiuliza swali moja. Roho hujibu kwa maneno machache, kisha inakwenda zake. Hailazimiki kusema kweli.

Binti huyu aliomba mwenyewe kwamba mhusika wake awe na kaka. Mwezi Machi, katika mchezo, kaka huyo akauawa darajani, na binti akabaki na kifungo cha shati. Nilidhani atakitumia juma lililofuata. Hajakitumia mpaka leo. Mimi, kwa uzembe wangu, sikuwa nimejua kwamba kakake wa kweli alifariki miaka miwili iliyopita katika ajali ya barabarani.

Mama yake ndiye aliyeniambia. Alisimama mlangoni hakutaka kuketi.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja unieleze. Mtoto wangu usiku namsikia akijizoeza kuuliza mfu maswali. Hiki mnachofanya ni kitu gani?"

Sikumcheka, na wewe msomaji usimcheke. Mama huyu alikuwa mwanafunzi wakati Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilipotolewa hadharani mwaka 1999, shuleni nilikofundisha tulipekua masanduku ya wanafunzi kutafuta mikufu na pete. Nami nilipekua. Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani mama mmoja, Patricia Pulling, alimpoteza mwanawe mwaka 1982, akaulaumu mchezo huu huu, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kuupinga. Kelele zilikuwa kubwa hata toleo la pili la mchezo lilipotoka mwaka 1989, majina ya mashetani yalikuwa yameondolewa. Chama kile kilikosea kuhusu dadu. Lakini aliyekianzisha alikuwa mama aliyefiwa, na mbele yangu mlangoni alisimama mwingine.

Basi nikamletea karatasi ya binti yake na ile kanuni, nikamtafsiria neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ameshauliza?"

"Bado, Mama."

"Na akiuliza, atajibiwa na nani?"

Nilikuwa sijapata kuulizwa swali hilo kwa miaka yote niliyokaa katika kiti cha msimulizi. Nikamwambia, "Na mimi."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Hiyo sehemu ya kusema uongo, uiondoe." Akaaga, akaenda.

Nimekaa na neno hilo juma zima. Mimi ndiye niliyeandika hapo juu kwamba nguvu bila masharti haitishi, na masharti ya kanuni ile ndiyo yanayoifanya iwe nzuri kuliko nyingine zote nilizozitaja: swali moja, kisha basi, na huna hakika ya jibu. Nataka kitabu kipya kiibakize hivyo hivyo kwa kila meza itakayokinunua. Wakilainisha, wakasema roho ijibu kweli na irudi kila asubuhi baada ya usingizi mnono, watakuwa wameua tawi zima. Lakini kwa meza yangu nimekwisha kuchukua kalamu nikaufuta ule mstari katika karatasi ya binti, nikatia sahihi pembeni. Msimulizi ana ruhusa hiyo. Sharti la swali moja sikuligusa, wala yule mama hakuniomba niliguse.

Kuhusu kura, basi, huu ndio msimamo wangu. Tusikimbilie kununua kitabu siku ya kwanza. Tungoje tuone ukurasa wa yaliyomo. Kama vipawa vya giza vimo pamoja na adhabu zake, nitakuwa wa kwanza kuufungua mkebe. Kama ni matawi manane ya nguvu za bure, kurasa za majaribio tunazo, na kijana wetu wa bodaboda anaweza kuendelea na upanga wake usiodai. Kwa sasa, taa.

Nilipokuwa nikimalizia makala haya binti amepita na ujumbe wa kura yake, kwa kuwa Jumamosi ijayo watakuwa na mtihani. Naye amechagua taa. Nilimuuliza kuhusu kifungo, akasema bado anafikiria swali.