Tusimsingizie El Niño kila mafuriko: watupe kipimo cha mto

Kila mara mto unapopanda, mkubwa yeyote akipewa mikro anasema neno moja: El Niño. Hata mimi nimelisema mara nyingi kwenye radio, nikidhani nimeeleza. Halafu mama mmoja mkimbizi, aliyetoka upande wa Opala na sasa analala kwa ndugu zake Lubunga, akaniuliza: «Huyo El Niño ni nani, na alifika kwetu lini?» Nilikosa jibu la maana. Mama, leo nakujibu.

Jina hilo lilitolewa na wavuvi wa Peru. Waliona maji ya bahari yakipata joto karibu na Noeli na samaki wakipungua, wakaliita kwa jina la Mtoto Yesu. Ni mambo ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na Lomami. Kila baada ya miaka 2 hadi 7, pepo zinazosukuma maji ya moto kuelekea Asia zinalegea. Maji hayo yanarudi upande wa Amerika, na mvua inahama pamoja nayo. Pepo zikizidi nguvu, bahari inapoa upande huo, na hiyo ndiyo La Niña. Ya mwisho ndefu ilidumu tangu 2020 hadi mwanzo wa 2023.

Lakini kuna Bahari ya Hindi, iliyo karibu nasi kuliko Pasifiki, na hiyo wakubwa wetu hawaitaji. Miaka mingine upande wake wa Afrika unapata joto kuliko upande wa Indonesia. Hapo mvua za mwisho wa mwaka zinazidi Afrika Mashariki na hata mashariki mwa Kongo. Ilitokea kwa nguvu 2019, ikarudi 2023, na mara hiyo ya pili Pasifiki nayo ilikuwa na joto. Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 kule Kinshasa. Rekodi ni ya 1961, mita 6.26. Na mwaka 1961 hakukuwa na El Niño! Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa imepata joto.

Kwa hiyo mtu akisema «mwaka huu hakuna El Niño, laleni», msilale.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu wa mtoni wanalijua kuliko mimi. Lomami inaanzia mbali kusini, upande wa Kamina, ambako masika ni Novemba hadi Machi. Maji yanaweza kupanda Opala na kwetu mbingu ni nyeupe. Ukitazama mawingu ya hapa tu, umechelewa.

Sasa niseme kosa langu. Mwisho wa Desemba 2023, RVF, wanaopima mito yetu, walionya kwamba maji yatapita kiasi. Nilisoma onyo hilo kwenye habari kwa Kifaransa, mara moja tu, katikati ya matangazo ya sikukuu. Sikulirudia kwa Kiswahili wala Lingala. Nani alilisikia? Wenye nyumba za matofali juu ya kilima, labda. Familia zilizokimbia mgogoro wa Wambole na Walengola hazichagui kiwanja. Zinapewa pale ambapo mwenyeji hakutaka kujenga, na mara nyingi ni pale maji yanapopita.

Ninaloomba si kubwa. RVF wana kipimo chao hapa Kisangani. Tupewe namba kila wiki, na MettelSat watuambie joto la bahari zote mbili kabla ya Septemba. Radio zetu zisome kwa Kiswahili, Lingala, Kimbole na Kilengola, saa moja ya jioni, wakati watu wako nyumbani. Msiseme «mafuriko makubwa yanatarajiwa». Semeni mto umepanda senti ngapi tangu juma lililopita. Mkulima anayengoja msitu aliokata ukauke ili auchome kabla ya Machi atajua afanye nini. Mama wa Lubunga atajua siku ya kupandisha gunia la mchele na karatasi za watoto.

Wakati tunangoja hizo namba, ndugu zangu mnaokaa karibu na maji, pigeni mti kando ya mto na muuchonge alama kila asubuhi. Nitumieni namba zenu, hata za vidole. Nitazisoma Jumamosi.