*TAMKO LA TAWI: MAENDELEO YA JUU YASIWE MAFURIKO YA CHINI*



Tumepata taarifa kuwa uwanja wa soko, maegesho ya bajaji na bodaboda, pamoja na eneo la mbele ya zahanati vitamwagwa zege kabla ya masika. Tawi linaunga mkono soko lisilo na tope. Mama lishe wetu wamekanyaga tope vya kutosha. Lakini kuhusu aina ya zege, hatutanyamaza. Zege la kawaida halipitishi maji. Mvua itakayoanguka pale juu itatafuta njia, na njia yake tunaijua sote: ni uchochoro unaoteremka hadi nyumba za bondeni.

*TUPIGE HESABU*
Mvua ya milimita 50 juu ya mita za mraba 1,000 za zege ni lita 50,000. Hayo ni mapipa 250 ya lita 200. Leo sehemu ya maji hayo inanywewa na mchanga. Kesho yatashuka yote kwa pamoja, yamebeba na taka za soko. Nani ameulizwa kama anakubali kupokea mapipa hayo sebuleni kwake?

Dar es Salaam imeshalipa gharama hii. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo, kila masika viongozi huja na mabuti, hupigwa picha, huwaambia watu wa bonde la Msimbazi "hameni". Hatubishi kuwa kujenga kwenye mkondo ni hatari. Tunauliza: maji yanayowafuata yanatoka wapi? Mengi yanatoka juu, kwenye mabati, lami na zege. Anayesakafia juu bila kushughulikia maji yake anamtwisha mwenzake wa chini mzigo asioulizwa.

*NJIA IPO*
Lipo zege linalopitisha maji. Ni saruji, maji na kokoto za ukubwa mmoja, mchanga kidogo sana au bila mchanga kabisa. Kokoto hushikana kwa uji wa saruji, na kati yake hubaki matundu, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya ujazo wote. Maji hupenya humo. Chini yake hutandazwa tabaka la kokoto linalofanya kazi ya tangi: tabaka la sentimita 30 lenye nafasi ya asilimia 40 linabeba mvua ya milimita 120, kisha udongo unainywa polepole. Huko Florida, Marekani, limetumika tangu miaka ya 1970. Si uchawi, wala si jaribio la kufanyia wananchi.

*MAJIBU KWA WANAOPINGA*
_"Litaziba."_ Ndiyo, likiachwa. Vumbi na mchanga ndio adui zake, hivyo lazima lifagiliwe na lisafishwe kwa ratiba. Lakini mitaro nayo inaziba, tena kwa chupa za plastiki, na hakuna aliyesema tuache kuchimba mitaro.

_"Si imara."_ Kwa malori mazito ni kweli. Ndiyo maana tunalitaka kwenye maegesho ya bajaji na njia za miguu. Sehemu ya kushushia mizigo ibaki na zege la kawaida, na mtaro wake.

_"Ni ghali."_ Wekeni hesabu yote mezani. Ongezeni mtaro mkubwa wa kubeba maji yote, kalvati zinazobomoka, na magodoro yanayotupwa kila masika. Magodoro hayo hayamo kwenye makadirio ya mkandarasi kwa sababu yanalipwa na maskini.

Hatuwadanganyi wananchi kwamba zege hili litamaliza mafuriko. Mji wa Zhengzhou, China, uliokuwa kwenye mpango wa miji inayonyonya maji kama sponji, ulizama Julai 2021 mvua ya zaidi ya milimita 200 iliponyesha kwa saa moja. Mto Msimbazi bado unahitaji kazi yake kubwa. Na kule bondeni kwenyewe, ambako maji ya ardhini yako karibu, zege hili halifai. Mahali pake ni huku juu, maji yanakoanzia.

*TUNADAI:*
1. Michoro na makadirio yabandikwe ofisi ya mtaa na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa kabla kazi haijaanza.
2. Udongo upimwe kwanza unanywa maji kwa kasi gani. Maeneo ya karibu na visima na mashimo ya vyoo yaepukwe.
3. Maegesho ya vyombo vidogo na njia za miguu viwekewe zege linalopitisha maji. Mafundi wasimamiwe: maji ya kuchanganyia yapimwe, na zege lifunikwe kwa nailoni siku 7.
4. Mkataba utaje nani atasafisha, mara ngapi na kwa fungu lipi.
5. Mtaro wa soko ufike mwisho wake. Usiishie mlangoni kwa mtu.

Ndugu zetu, mkutano wa mtaa ukiitishwa, tujae. Wa juu na wa bondeni, mwenye kadi na asiye na kadi. Kila mmoja aje na swali moja: *"Maji ya hapa yataenda wapi?"* Asiyeweza kulijibu asikabidhiwe eneo la kazi.

*Maji ya juu yabaki juu!*

Imetolewa na:
*Katibu Mwenezi wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi

_Tuma kwenye makundi yote ya mtaa._