Mkanda Haufungiwi Trafiki

Huniudhi sana mtu mzima mwenye akili zake, mwenye mke, watoto na wazee wanaomtegemea, anapoendesha gari kutoka Kibaha hadi Chalinze mkanda ukining'inia karibu na sikio lake. Dereva wa upande wa pili akimwashia taa kumtonya kwamba trafiki wako mbele, ndipo anauvuta, anaupitisha kifuani na kuushika kwa mkono bila hata kuuchomeka. Akishawapita askari, anauachia huku akitabasamu kama mchuuzi aliyeuza embe bovu kwa bei ya zima. Amefaidi nini? Ameikwepa faini na kuweka rehani kifua kisicho na bei.

Mwambie, "Baba, funga mkanda," atakujibu kwa methali: ajali haina kinga. Wahenga tunawaheshimu, lakini ni hao hao waliosema tahadhari kabla ya athari, na kinga ni bora kuliko tiba, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Mbona hizo hazikumbuki? Mwingine ataongeza kwamba siku ikifika imefika, Mungu ndiye apangaye. Nani amebisha? Lakini Mwislamu anajua jibu Mtume alilompa mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu: aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na Mkristo anajua kwamba Yesu alikataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu, ingawa Ibilisi alimkumbusha habari za malaika wa kumdaka. Anayemjaribu Mungu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa asijiite mcha Mungu mbele yangu.

Gari likivamia lori bovu lililoachwa barabarani usiku, alama yake matawi ya miti tu, gari husimama lakini mwili hausimami. Unaendelea kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na usukani au kioo. Aliyekaa nyuma bila mkanda humrukia wa mbele, na wa mbele huenda alikuwa amefunga wake. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa karibu nusu kwa waliokaa mbele, na kwa takriban robo kwa walio nyuma. Na wewe mama unayempakata mtoto kiti cha mbele ukidhani mikono yako inatosha, mapenzi yako siyatilii shaka, ila kishindo cha gari hakijui mapenzi.

Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Watu wameacha faida ili wewe upone, nawe unakwenda dukani kununua kile kichuma cha kuchomeka ili gari lisikupigie kelele! Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe unalipa ili lisisikie.

Sheria peke yake haitoshi. Wakenya wanakumbuka mwaka 2004, waziri John Michuki alipowabana wenye matatu waweke mikanda na vidhibiti mwendo; hadi leo watu wanazitaja "sheria za Michuki". Lakini askari hawezi kukaa kila kona. Kazi iliyobaki ni ya anayempenda dereva, nami nawategemea nyinyi akina mama, mnaojua kusema neno moja mara kumi bila kuzua ugomvi. Mwanamume aliyewashinda trafiki watatu husalimu amri kwa binti yake mdogo akisema, "Baba, hatuondoki mpaka ufunge." Kwa mzee usitoe amri. Mwamkie, "Shikamoo babu, naomba nikufungie," kisha uuvute mwenyewe kwa adabu. Hakuna babu atakayekusukuma. Mjamzito naye asidanganywe kwamba ameruhusiwa kuuacha: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na cha juu kati ya matiti.

Hapa siwezi kunyamaza kuhusu harusi zetu. Bibi harusi kasimama, kichwa na shela nje ya paa la gari. Mpiga picha kakalia dirisha, miguu ndani, mwili nje. Na wapiga matarumbeta wamejazana kwenye pikapu, wengine wamekalia ukingo, dereva akiyumbisha gari kunogesha shangwe. Kamati imekaa miezi ikibishana juu ya keki na rangi ya sare, wala hakuna mjumbe aliyeuliza hao vijana wa tarumbeta watashika wapi gari likipiga breki. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Turudi nyumbani kwako. Najua gari lako ni safi na viti umevivisha kava mpya. Lakini fundi alipovivisha alivifukia vichomekeo vya mikanda ya nyuma, na tangu siku hiyo mama mkwe anasafiri kwa dua peke yake. Chukua mkasi leo jioni, utoboe kava, uvitoe. Kava zinashonwa.